Simba Mwenye Pembe

Bibi Elisifa alianguka asubuhi nyuma ya banda la ng'ombe, akiwa amebeba majani ambayo hakuna mtu aliyemtuma kuyabeba. Aikande, mke wa mwanawe wa mwisho, alisikia ndoo ikibiringika. Alipofika alimkuta mama mkwe ameketi kwenye matope, mgongo umenyooka, kama mtu aliyewahi kanisani anayesubiri ibada ianze.

"Shikamoo, Mama. Umeumia?"

"Marahaba. Ng'ombe hajala."

"Nauliza mkono."

"Mkono upo."

Mkono ulikuwepo, ila ulikuwa umepinda juu kidogo ya kiganja, mahali ambapo mkono wa mtu haupindi. Ulikuwa mkono wa kushoto, na hapohapo palipopinda ndipo ilipokaa bangili.

Bangili ile ilijulikana Machame yote ya upande ule. Ilikuwa ya dhahabu, nene kama kidole gumba, na juu yake vichwa viwili vya simba vilitazamana, vimeuma tunda moja dogo. Kila simba alikuwa na pembe za mbuzi, na shingoni, badala ya manyoya, alikuwa na magamba ya nyoka. Watoto wa shule ya Jumapili waliwahi kumuuliza mwinjilisti kama huyo ndiye mnyama wa Ufunuo, naye akasema yule wa Ufunuo ana vichwa saba, kwa hiyo hapana. Bibi Elisifa aliipata kwa Mama Kosta, mke wa Mgiriki aliyekuwa na shamba la kahawa kule chini, mwaka ambao serikali ilichukua mashamba, Wagiriki wakaondoka. Pini yake ya kufungia ilipotea, na marehemu mume wake akaipeleka njia panda kwa fundi wa kuchomelea baiskeli, akamwambia aifunge kabisa isije ikadondoka kwenye kahawa. Fundi aliifunga kabisa. Wakati ule ilipita kwenye kiganja kwa sabuni. Baadaye viungo vya vidole vilinenepa kwa kazi na kwa uzee, na sabuni ikawa haina la kufanya.

Aikande alimwosha matope, akamfunga mkono kwa kitenge, akasimamisha gari la maziwa lililokuwa likishuka mjini. Dereva alikubali kuwachukua mbele, kwa sharti kwamba mgonjwa asiegemee mlango. Njia nzima Bibi Elisifa aliushika mkono wake mapajani kama sahani ya mtu mwingine, akazungumzia ng'ombe.

* * *

Hospitalini daktari alikuwa binti mwembamba aliyeitwa Winfrida, mwenye haraka lakini si mkali. Alitazama picha ya mfupa, akautazama mkono, akaibonyeza kucha ya kidole cha kati na kuiachia. Kucha ilibaki nyeupe. Daktari aliingoja. Aikande naye aliingoja, bila kujua wanangoja nini. Mwishowe rangi ilirudi, polepole, na haikuwa rangi nzuri.

"Mfupa tutaunyoosha, tutaweka plasta. Hilo halina shida," Daktari Winfrida alisema. "Shida ni hii bangili. Mkono unavimba, bangili haivimbi. Itolewe sasa hivi."

"Haitoki," Aikande alisema.

"Ndiyo maana nasema ikatwe. Kikatio chetu ni cha pete, hiki kitu hakiwezi. Fundi wa matengenezo ana mkasi wa nondo, lakini utabana mfupa uliovunjika. Katafuteni sonara, Majengo wapo. Aje na msumeno wake."

"Na tukisubiri?"

"Vidole vikikosa damu mpaka jioni, hatutazungumza habari za bangili tena. Tutazungumza habari za vidole." Kisha akainama kwa mgonjwa na kupaza sauti, ingawa mgonjwa alisikia vizuri. "Bibi! Mkono ni wako. Unakubali tukate?"

Bibi Elisifa alimtazama daktari, halafu akamtazama mkwe wake.

"Ndelilio amesemaje?"

"Hajaambiwa bado, Mama."

"Mwambie kwanza."

Ndelilio alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mkuu wa idara katika shirika la bima Dar es Salaam, na katika ukoo hakuna jambo lililokuwa limetokea mpaka yeye aambiwe. Aikande alitoka nje kwenye ukumbi, akasimama karibu na mtungi wa kunawia, akapiga.

"Shikamoo, shemeji. Mama ameanguka, amevunjika mkono."

"Marahaba. Ruwa, Mungu wangu! Mkono upi?"

"Wa kushoto."

Mlango ulisikika ukifungwa upande wa pili.

"Wenye bangili?"

"Ndiyo, shemeji. Daktari anasema ikatwe, damu haipiti."

"Hapana. Hapana, hapana. Mama Evelyn, nisikilize vizuri. Isikatwe. Mimi naanza safari ya uwanja wa ndege sasa hivi, jioni niko hapo. Wampe dawa ya kupunguza uvimbe. Dawa zipo."

"Daktari anasema jioni itakuwa..."

"Daktari ana umri gani?"

Aikande aligeuka kumchungulia daktari mlangoni, akikadiria.

"Unaona? Wale wanakata tu, kukata ni rahisi. Kile kitu kikikatwa kinakuwa chuma chakavu. Nilikueleza Krismasi."

Alikuwa amewaeleza wote, mezani. Alikuwa amempelekea picha mtu mmoja wa Arusha anayenunua vitu vya kale, na mtu yule akamjibu kwamba bangili ilitengenezwa Ugiriki zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa kuiga nyingine za kale zaidi, na kwamba mnyama yule anaitwa khimera, ni wa ngano za Wagiriki, mbele simba, katikati mbuzi, nyuma nyoka. Bei aliyotaja iliwafanya watu waweke vijiko chini. Lakini ni bei ya kitu kizima. Kikiwa na mkato hata mmoja kitapimwa kwa mizani kama dhahabu ya kawaida. Ndelilio alikuwa ameshapanga fedha ile itafanya nini: kuvuta umeme wa uhakika, kujenga nyumba ya wageni pale kwenye kihamba, shamba la ukoo, na kujengea makaburi ya wazee. Yote hayo yangefanyika "wakati ukifika". Mama yake, ambaye bangili ilikuwa mkononi mwake na mkono ulikuwa juu ya meza, aliuliza, "Wakati gani?" Kila mtu akainamia bakuli lake la mtori, na mtu mmoja akasifu nyama.

"Nimekueleza, Mama Evelyn?"

"Umenieleza, shemeji."

"Basi. Wewe kaa naye. Usitie sahihi kitu chochote."

Aikande akampigia mume wake. Anaeli alikuwa mlimani akiongoza wageni, na kambi aliyokuwepo ilipata mtandao ukipanda juu ya jiwe fulani. Kwa bahati alikuwa juu ya jiwe. Upepo ulisikika zaidi kuliko yeye.

"Mama amevunjika mkono! Bangili inabana! Ikatwe au isikatwe?"

"Umeongea na kaka?"

"Nimeongea naye!"

"Sasa unaniuliza nini mimi?"

Halafu jiwe au mtandao ukamwangusha.

Alirudi ndani. Bibi Elisifa alikuwa amelazwa, mkono umeinuliwa juu ya mito miwili. Vidole vilikuwa vimepata rangi ya zambarau zilizoanza kuiva.

"Amesemaje?"

"Amesema tusubiri. Anakuja na ndege."

"Basi tusubiri," alisema Bibi Elisifa, akafumba macho. Baada ya muda akaongeza, bila kuyafumbua, "Tiketi ya ndege siku hizi inanunuliwa upesi hivyo?"

* * *

Aikande alisubiri kwa muda ambao mtu anaweza kusema kweli kwamba amesubiri. Kisha akamwambia muuguzi anakwenda kununua uji, akachukua bajaji kwenda Majengo.

Sonara aliitwa Fundi Mbaraka. Alikuwa na chumba chenye mlango mmoja kati ya duka la vitenge na mshona viatu, na wakati ule alikuwa akimweleza mteja kwa nini hereni zake hazijawa tayari wiki ya tatu. Sababu ilikuwa umeme. Mteja alipoondoka, Aikande alimweleza jambo lake. Fundi Mbaraka alisikiliza kichwa kikiwa upande.

"Dhahabu ya ukoo?"

"Ndiyo."

"Ukoo umekubali?"

"Mgonjwa vidole vinakufa, fundi."

"Sikuuliza vidole, mama yangu. Dhahabu ya ukoo nimeikata mara moja tu. Wiki ile ile nikaitwa kituoni, nikakaa kwenye benchi siku nzima na watoto wa marehemu, kila mmoja ananiuliza vumbi lilikwenda wapi. Mimi ni mtu wa pete za ndoa. Mwenye mali aseme mwenyewe, mbele ya mtu. Akisema, nakata."

"Atasema."

"Atasema, au utasema atasema?"

"Chukua msumeno, fundi. Bajaji inasubiri, na inahesabu."

Alichukua msumeno wake mwembamba kama uzi, gazeti la juzi, na kijiko cha chai ambacho mpini wake ulikuwa umepondwa ukawa bapa. Kwenye bajaji alimuuliza huyo mnyama ni mnyama gani. Aikande alimweleza habari za simba, pembe na magamba.

"Sasa anakula majani au nyama?" Fundi Mbaraka aliuliza.

"Shemeji yangu hakutueleza."

* * *

Daktari Winfrida alipomwona sonara alisema "Haya," akawapeleka kwenye chumba cha kufungia vidonda. Akabonyeza tena kucha. Safari hii hakungoja rangi irudi; alitazama saa, akamtazama Aikande.

"Mgonjwa ana akili zake timamu. Akikubali yeye, tunakata. Asipokubali siwezi kumlazimisha. Ila mseme sasa."

Bibi Elisifa alikuwa macho. Midomo ilikuwa imekauka, na aliwatazama wote watatu mmojammoja kama watu waliokuja kuomba pa kulisha mbuzi.

"Huyu ni nani?"

"Ni sonara, Mama."

"Wa kufanya nini?"

Aikande alikuwa mke katika nyumba ile tangu alipokuwa binti. Alijua pa kukaa na pa kutokaa, sufuria ya nani haiguswi, na kwamba mwanamke aliyeolewa huwa na maoni yake jikoni. Alijua pia kwamba tangu mume wake afariki, Bibi Elisifa hakuwahi kuuza hata kuku bila kumsikiliza mwanawe wa kwanza. Alisafisha koo.

"Shemeji amepiga. Amesema ikatwe."

Fundi Mbaraka alitazama dari.

"Ndelilio?"

"Ndiyo, Mama."

"Amepiga lini?"

"Sasa hivi, nikiwa nje."

"Simu yako haikulia. Mlango uko wazi, ningesikia."

"Ilitetemeka."

Bibi Elisifa alifikiri juu ya simu iliyotetemeka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na Aikande aliona kwamba maumivu yalikuwa makubwa kuliko yalivyosemwa.

"Alisemaje? Kwa maneno yake."

Hilo Aikande hakuwa amejiandaa nalo.

"Alisema, 'Mkono wa Mama kwanza.'"

"Ndelilio alisema hivyo."

"Ndiyo, Mama."

"Mkono wa Mama kwanza."

"Ndiyo."

Kitoroli kilipita ukumbini kikilia gurudumu moja.

"Basi kama Ndelilio amesema," alisema Bibi Elisifa, akamgeukia sonara, "unangoja nini?"

Fundi Mbaraka alitandika gazeti chini ya mkono. Alitaka kukata palipochomelewa na fundi wa baiskeli, ambapo asingeharibu kitu, lakini pale palikuwa pamezama ndani ya nyama iliyovimba. Palipobaki wazi ni shingo ya simba mmoja, juu, na mgongo wa bangili kwa chini. Alisema sehemu moja haitoshi, ukitanua utageuza mfupa. Akauingiza mpini wa kijiko kati ya dhahabu na ngozi, muuguzi akadondosha maji, na msumeno ukaanza.

Ulikwenda kwa ugumu, halafu ghafla ukawa mwepesi. Harufu ikapanda, kama ubani. Fundi Mbaraka alisimamisha msumeno, akapuliza, akachungulia.

"Subhanallah. Ni tupu. Dhahabu ni ganda tu, ndani kumejazwa ulimbo."

Aikande aliwaza nyumba ya wageni.

"Najua," alisema Bibi Elisifa.

"Unajua, Mama?"

"Ingekuwa imejaa ningelima nayo miaka yote hii? Mama Kosta aliniambia mwenyewe. 'Elisifa, ndani hakuna kitu, usiwaambie.'"

"Usiwaambie nani?"

"Hakusema. Kwa hiyo sikumwambia mtu." Akavuta pumzi wakati msumeno ulipoanza tena. "Na haikuwa zawadi. Benki ilikuwa imefungwa na mimi nilikuwa sijalipwa mshahara wangu. Zawadi alinipa pasi ya mkaa, na hiyo mliipoteza ninyi."

Bangili ilitoka vipande viwili. Kipande kimoja kilikuwa mgongo mtupu wenye magamba. Kingine kilikuwa na vichwa vyote viwili, kimoja hakina shingo tena lakini bado kimeuma tunda pamoja na mwenzake. Daktari alibonyeza kucha, akaiachia, akabonyeza tena. Kisha akasema, "Sawa," na kwa mara ya kwanza siku ile akakaa.

Fundi Mbaraka alianza kukunja gazeti taratibu, vumbi likiwa ndani.

"Hilo lete hapa," alisema Bibi Elisifa.

* * *

Ndelilio alifika kabla jua halijazama, akiwa na sanduku dogo la magurudumu na suti ambayo hakupata nafasi ya kuibadilisha. Alikuta mama yake amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, vidole vimetokeza mbele, vimevimba lakini vyekundu. Pembeni ya kitanda walikuwa Daktari Winfrida, aliyekuja kuaga zamu, na mchungaji wa usharika, ambaye habari za mgonjwa zilimfikia kupitia gari la maziwa. Vipande viwili vilikuwa juu ya kabati dogo, kando ya kikombe cha uji.

Ndelilio aliviona kabla hajaona kingine. Midomo yake ilifunguka, na Aikande akasogea ukutani.

"Mwanangu," Bibi Elisifa alisema kwa sauti ya mtu anayeshuhudia kanisani. "Mchungaji, ndiye huyu niliyekuwa nakwambia. Daktari alisema nitapoteza vidole. Mkwe wangu akampigia simu. Angeweza kusema msubiri, maana hiki kitu kina bei, mwenyewe alitufafanulia. Lakini alisema nini? Mama Evelyn, alisema nini?"

Aikande alitazama sakafu. "Alisema, 'Mkono wa Mama kwanza.'"

"Mkono wa Mama kwanza," mchungaji alirudia, akatikisa kichwa kwa kuguswa.

"Hongera, mzee," alisema Daktari Winfrida. "Mngechelewa kidogo tu, ingekuwa habari nyingine. Ndugu wengine wanatusumbua sana."

Ndelilio alisimama na mpini wa sanduku mkononi. Alimtazama Aikande, akamtazama mama yake, ambaye alimtazama pia, kwa upendo, bila kupepesa. Mchungaji alikuwa ameshampa mkono, na mkono ulikuwa unangoja kushikwa.

"Tunamshukuru Mungu," alisema Ndelilio.

Ukumbini baadaye, karibu na mtungi wa kunawia, alimsimamisha shemeji yake.

"Mimi nilisema hivyo lini?"

"Mchana, shemeji."

"Mama Evelyn."

"Mtandao ulikuwa unakatakata," alisema Aikande. "Nilisikia nilichosikia."

"Utaona," Ndelilio alisema, lakini hakusema ataona nini. Mchungaji alikuwa anatoka.

* * *

Jumapili Bibi Elisifa alitaka kwenda kutoa shukrani. Ndelilio, ambaye alikuwa amepanga kupeleka vipande vile Arusha kuuliza kama vinaunganishika, alimwambia apumzike. Mama alijibu kwamba amepumzika siku zote hizo, na kwamba mkono hautembei, miguu ndiyo inayotembea.

Baada ya ibada watu walikusanyika nje kwa ajili ya mnada wa sadaka, kama kila Jumapili. Vitu vilivyoletwa madhabahuni vilipangwa juu ya meza: mayai, maziwa kwenye chupa za soda, mikungu ya ndizi, kuku wawili waliofungwa miguu. Aliyenadi alikuwa Mzee Yakobo, mzee wa kanisa mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti na hakuna aliyewahi kumpa. Aliuza mkungu wa ndizi mshare, akauza mayai, kisha akachukua kitambaa cheupe, akakifungua, akakitazama kwa muda.

"Hapa tuna," alisema. "Tuna dhahabu. Vipande viwili. Kipande kimoja kina vichwa. Imetolewa na mama yetu Elisifa, kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya mkono, na kwa ajili ya hekima ya mwanawe Ndelilio, ambaye yupo nasi pale. Simama, baba, wakuone."

Ndelilio alisimama. Watu walipiga makofi.

"Mnyama ana pembe," aliuliza mama mmoja, "anaruhusiwa?"

"Mchungaji ameangalia. Amesema kwa hali aliyonayo sasa hana madhara. Nani ananianzishia?"

"Elfu hamsini!" aliita mwalimu mmoja mstaafu, ambaye alijulikana kwa kuanzisha kila kitu na kutonunua chochote.

"Laki moja," mtu akasema. "Laki mbili!"

Macho yalianza kumgeukia Ndelilio. Alikuwa amesimama bado, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Mwenye maduka ya pembejeo alisema laki nane, akatabasamu. Kuacha mnyama wa mama yake aende kwa mwenye maduka ya pembejeo, mbele ya usharika, baada ya makofi, lilikuwa jambo lisilowezekana, na mwenye maduka alilijua hilo kuliko wote.

"Milioni," alisema Ndelilio.

"Milioni na laki mbili."

"Milioni na nusu."

"Imekwenda!" alisema Mzee Yakobo. "Milioni na nusu, kwa mtoto mwenye hekima. Lipa kwa simu, namba iko mlangoni."

Ndelilio alilipa. Alipopokea kitambaa, kina mama wa kwaya wakaanza, kama wanavyoanza kila mara mtu akinunua kitu kizuri mbele ya mzazi wake.

"Mpe Mama! Mpe Mama! Mpe Mama!"

Hakuwa na pa kupita. Aliinama, akaweka kitambaa kwenye kiganja kizima cha mama yake, vigelegele vikapigwa. Bibi Elisifa aliinuka polepole, akisaidiwa na Aikande. Alikitazama kitambaa, akamtazama mwanawe, akamwita Mzee Yakobo.

"Nashukuru sana. Na mimi namrudishia Bwana. Iuzwe tena."

Mzee Yakobo alikuwa amenadi kwa miaka mingi na uso wake ulikuwa umezoea. Alipokea kitambaa, akakifungua upya kama hajawahi kukiona.

"Hapa tuna dhahabu," alisema. "Vipande viwili. Nani ananianzishia?"

"Elfu hamsini!" aliita mwalimu mstaafu.

Safari ya pili ilimgharimu Ndelilio milioni mbili. Alipopewa kitambaa alikitia kwenye mfuko wa ndani wa koti papo hapo, kwaya haijapata pumzi, akaenda kusimama nyuma ya gari lake. Kwa jumla alikuwa ametoa zaidi ya fedha ambayo sonara yeyote angempa kwa ganda lile. Kuku wa mwisho aliuzwa kwa elfu ishirini na aliyemnunua ni Aikande.

* * *

Ndelilio aliondoka siku iliyofuata. Aliagana na mama yake vizuri, na kwa shemeji yake alitoa mkono mfupi. Kutoka uwanja wa ndege aliandika kwenye kundi la simu la ukoo kwamba suala la bangili limefungwa, na kwamba mradi wa nyumba ya wageni utaangaliwa upya. Anaeli, aliyekuwa ameshuka mlimani na hajui hata nusu ya mambo, alijibu kwa kidole gumba.

Mchana ule Aikande alimlisha mama mkwe supu ya kuku jikoni. Ndani ya ukingo wa plasta ilichungulia ngozi iliyokuwa imefunikwa na bangili, nyeupe na laini, kama ya mtu mwingine mdogo zaidi. Bibi Elisifa aliomba mpini wa mwiko, akauingiza chini ya plasta, akajikuna muda mrefu, macho yamefumbwa.

"Palikuwa panawasha?"

"Tangu Mama Kosta."

Alirudisha mwiko. Aikande alichota supu, akaipuliza.

"Aikande."

"Abee, Mama."

"Siku ile. Ndelilio alisemaje kwenye simu?"

Aikande alishikilia kijiko. Ng'ombe alisikika bandani akigonga ndoo tupu. Anaeli alikuwa nje akichambua majani, mbali kidogo, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa ndani.

"Alisema, 'Mkono wa Mama kwanza.'"

Bibi Elisifa alikubali kwa kichwa, akatafuna mfupa wa shingo mpaka ukaisha.

"Alisema vizuri," alisema. "Hebu sema tena."